Kidole cha Mwisho

Raya alipokwenda Doha kuuguza wazee wa watu
aliniachia mmea mmoja ndani ya sufuria kuukuu,
majani mapana kama ungo, yenye matundu
kama zidaka za msana wetu wa ndani.
"Baba, usiusahau maji," alisema gatini,
nami nikalifunga neno hilo kwenye pindo la kikoi.

Sikuusahau.
Alfajiri baada ya sala, kata moja.
Adhuhuri, kofia pajani, uzi mdomoni, kata nyingine.
Usiku, nikipigiwa simu au nisipopigiwa,
ya tatu, ya kuulalia.

Mwezi wa pili jani la chini likageuka rangi ya bizari.
Nikasema: kiu. Nikaongeza.
Likaanguka. La pili likalifuata, laini kama mchicha wa jana,
na udongo ukaanza kunuka
kama mtaro wa Langoni maji yakisimama.
Simu ikalia. "Mmea haujambo?"
"Haujambo," nikasema, "unakusalimu."

Bi Mwanatumu, mkunga aliyestaafu,
akavuka kutoka ng'ambo ya wikio kurudisha chano.
Hakuuliza. Aliushika shina akauinua
ukatoka wote, kama jino bovu.
Mizizi myeusi, inateleza.
"Umeuzamisha. Una mato, Lali,
lakini mato hayaoni tini ya nti.
Ndoo, tia kidole."

Nikatia cha shahada, hiki kinachosukuma sindano
tangu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja.
Hakikuhisi kitu. Ngozi yake ni gome;
vito vya kofia vimekinyima habari za dunia.
Akacheka mpaka akakaa.
"Basi hicho cha mwisho, kisicho na kazi."

Tuliikata mizizi iliyooza kwa mkasi wangu wa nguo,
Mungu anisamehe.
Tukaitoboa sufuria kwa msumari, matundu matano,
tukachanganya udongo, mchanga, na makumbi ya nazi.
"Maji ya kisima usiutie, chumvi yake huunguza ncha.
Ya mvua, au ya bomba yaliyolala usiku mmoja."
"Kata ngapi kwa siku?"
"Mti hauna saa. Udongo ukikauka hadi pingili ya pili,
unyweshe mpaka maji yatoke chini.
Kisha uache."
"Nikiusahau je?"
"Wenye kiu huinama ukakukumbusha.
Uliozama nao huinama,
ila hukukumbusha umeshachelewa."

Ijumaa natia kidole: bado.
Jumapili: bado, baridi kama shavu la mtoto aliyelala.
Jumanne udongo haunishiki tena,
unaniachia kucha safi.
Nateka kwenye pipa la mvua, nazungusha kata ukingoni,
nasikiliza maji yakiteremka yakitafuta njia
hadi tundu la kwanza litone, la pili, yote matano.
Namwaga kiwandani yaliyobaki sahanini.
Naigeuza sufuria robo
ili upande wa ukutani nao uonje mwanga.

Saa ya adhuhuri mkono bado unaiendea kata.
Naupa sindano.

Na simu. Zamani nilimpigia Raya kabla ya zamu,
baada ya zamu, na katikati nikiota vibaya.
Alijibu kwa sentensi, kisha kwa neno,
kisha kwa picha ya kidole gumba.
Wiki hii sikupiga. Nilikaa na kofia
ya bwana harusi mmoja wa Matondoni,
nikafumua safu nzima niliyoishona kwa hasira.

Jana usiku akapiga mwenyewe.
Alisema saa nzima: mgonjwa anayemwita kila mtu mama,
mchele usioshikana, jua lisilo na upepo.
Nilitia "ehe" tu, hapa na pale.
Mwishoni akauliza mmea.
Nikamwambia kweli: nusu ulikufa mikononi mwangu.
Sasa umetoa jani jipya, limeviringika kama msala,
halijakunjuliwa.
"Umeutia maji?"
Nikaitazama kucha ya kidole cha mwisho,
nyeusi kwa udongo.
"Bado," nikasema.