Kikapu Hakina Kitako

Miezi minne, Bwana Mlekwa,
tunatia mpira kikapuni
na kikapu hakina kitako.
Kinachoingia juu kinatokea chini,
na chini umesimama wewe.

Ulisema: mpira wangu, jezi zangu,
taa za uwanja huu wa Isevya nalipia mimi
kwa tumbaku ya Urambo na Kaliua.
Ni kweli. Hatubishi.
Lakini goti hili la kushoto, lililojaa maji,
halina risiti yako.
Na mkataba uliotupa ni kivuli cha kivuli,
ukurasa wa pili haupo.

Jumamosi tulikuja na nguo za nyumbani.
Tukakaa kwenye duara la katikati,
saruji ingali na moto wa mchana.
Refa akapuliza filimbi. Akapuliza tena.
Waliokata tiketi wakatuzomea,
mpaka muuza karanga mmoja akapaza sauti:
"Kwani hawa wanalipwa shilingi ngapi?"
Uwanja mzima ukanyamaza, ukakugeukia.
Ukatazama saa.

Kalunde peke yake alivaa jezi.
Ana ada ya mtoto, ana mwenye nyumba mlangoni.
Alirusha mitupo huru kumi
akakosa yote, yeye asiyekosaga.
Hatukumzomea. Nyamizi alimpelekea maji.

Sasa geti lina kufuli jipya.
Tunacheza huku karibu na reli;
tumeng'oa spoku za ringi ya baiskeli,
tukaifunga kwenye nguzo kwa waya.
Nayo haina kitako,
ila chini yake
tumesimama sisi.