Dakika Kumi na Saba

Katika daftari la baba, lenye jalada la bluu
na duara la kikombe cha chai pale alipochoka,
kuna mstari ambao watoto wake wote tumeukariri:
"Dk. 88. Obbo. Kona ya juu, kulia. (Mpira haukuwepo.)"

Tororo, Jumamosi. Reli na Saruji.
Reli ni mafundi wa karakana, wananuka oili;
Saruji ni watu wa kiwandani, weupe hadi kwenye kope,
ukimgonga mmoja kifuani vumbi linaitika.
Treni inapita kando ya uwanja, Mwamba unatazama
(huo mlima wetu, si mwamba wa goli,
ingawa Okiring alizoea kuilenga yote miwili).

Saruji wanaongoza moja bila.
Dakika ya sabini na tatu Okiring, beki,
mguu mzito kama hukumu, anaamua kuokoa.
Akaokoa kweli.
Mpira ukapanda, ukavuka ua wa michongoma,
ukatua ndani ya behewa la wazi
la treni ya mizigo iendayo Malaba.
Treni ikapiga honi. Tukadhani inatupongeza.

Mpira wa pili alikuwa nao padri,
na padri alikuwa Nagongera.

Refa, Bwana Nyafwono, karani wa mahakama,
mtu asiyetamka "nadhani" tangu abatizwe,
akatazama saa, akafunua kijitabu cha sheria
kilichoning'inia shingoni pamoja na kipyenga.
"Ukitoka nje, hurushwa," alisema.
"Humu hamna pasemapo mrushaji awe na kitu mkononi.
Reli, rusheni."

Tulicheka. Yeye hakucheka.
Reli wakarusha.

Mwanzoni kwa aibu, kama watu wazima waliokutwa wakicheza kombolela.
Kisha Wandera akapiga chenga,
na aliyepigwa chenga akaanguka, akakasirika.
Hapo mchezo ukanoga.
Pasi zikawa safi kuliko kipindi chote cha kwanza.
Mtu alipigwa tobo, akabana miguu akiwa amechelewa.
Mama Nyadoi wa karanga akasahau chenji za watu.
Baba, mshika kibendera, akakiinua: ameotea!
Nusu ya uwanja ikamzomea, nusu ikampigia makofi,
na hadi anaingia kaburini aliapa
Wandera alikuwa mbele kwa bega.

Halafu Obbo, fundi wa boila, mwembamba kama bomba lake,
nje kidogo ya kumi na nane,
akavuta mguu.
Akapiga.

Kimya.

Emokor, golikipa wa Saruji, mzee wa kanisa,
aliruka mwili mzima, vidole vimenyooka,
akaanguka, akabaki chini.
Uwanja wote ukamgeukia, maana nyavu hazikusema kitu.
Angesema "Nimeudaka," nani angembishia?
Aliinuka. Akajikung'uta.
Akaenda taratibu hadi kwenye nyavu, akainama,
akauokota,
akaurusha katikati ya uwanja.

Moja kwa moja. Kipyenga. Tukaenda nyumbani tukibishana.

Alhamisi treni ilirudi. Mpira ukashushwa
umefungwa kamba, una kikaratasi cha forodha:
"Kitu kimoja. Cha duara. Matumizi hayajulikani."
Stesheni masta akadai nauli ya mzigo, kwenda na kurudi.
Saruji wakasema Reli walipe, treni ni yao.
Reli wakasema Saruji walipe, mguu ni wao.
Ukakaa stoo ya vifurushi hadi ukaisha upepo.

Nilimkuta Emokor mwaka juzi, jicho moja lina ukungu,
anamenya mihogo barazani kwa bintiye.
Nikamuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayedai deni la marehemu:
Mzee, siku ile, kweli uliuona?

Alisitisha kisu. Akanitazama
kama anavyotazamwa mtu asiyejua mpira.

"Ningeuona," alisema, "ningeudaka."