Kando ya Mshono

Mshono wenyewe haukuvunjika.
Hilo nataka lijulikane kwanza,
maana kule Gofu walishaanza kusema
mzee Singano mkono umemchoka.
Mshono ulikuwa mzuri, gamba juu ya gamba
kama ubavu wa changu.
Ufa ulipita kando,
milimita mbili kutoka alipogusa yeye,
mwembamba kama unywele,
tena ulikuja siku ya pili, usiku,
wala hakuna aliyeusikia.

Lilikuwa bamba la mkono wa kreni, pale bandarini.
Chuma chembamba, nguvu za kushangaza:
kaboni haba, manganizi, na niobi ya kuonja tu,
kama hiliki kwenye pilau la watu mia.
Niobi hukaa mipakani mwa chembe
ikizuia kubwa zisimeze ndogo.
Moto ukizidi, nayo huyeyuka,
na lindo hubaki tupu.

Mzee ana miaka thelathini na minne ya moto.
Mageti ya Chumbageni ni yake,
mashine za kukoboa Pongwe ni zake.
Chuma alichozoea ni kile kipole:
ukikiunguza kinasamehe,
ukikimwagia maji kinasamehe,
asubuhi kinakuamkia kama hakikutendwa kitu.

Alhamisi ile alikuwa amefunga.
Vijiti vimekaa wazi tangu saa tatu, pakiti imechanika,
na hewa ya Tanga mnaijua,
hata chumvi mezani hulia.
Kila kijiti kilificha unyevu wake.
Arki ikaupasua, haidrojeni ikazama ndani ya chuma
na kutafuta pa kulala.
Jua likainama. Akatazama saa.
Akamwaga ndoo nzima ya maji, bamba likapiga kelele,
akaenda kufuturu.

Maabara yangu ni chumba kimoja, darubini moja, feni isiyozunguka.
Nilikata kipande, nikakisugua kwa msasa:
wa mia mbili, wa mia sita, wa elfu na mia mbili,
mpaka nikayaona meno yangu.
Tone la asidi ndani ya spiriti. Kuhesabu hadi kumi. Suuza.
Nikamwita.

Akavua miwani, akainama.
"Huku mbali?"
Chembe ndogo ndogo, za kutosheka, kama chenga za mchele.
Hicho ni chuma kama kilivyozaliwa.
"Na hapa?"
Hapa zimevimba, zimemezana.
"Na hapa, ubavuni kabisa?"
Nikamwacha aone mwenyewe.
Feni haikuzunguka. Nje mtu alikuwa anauza karanga.
"Hizi ni sindano," akasema.

Ndiyo, mzee. Martensaiti.
Kilichopozwa ghafla, kikakosa muda wa kujipanga,
kikakakamaa vile vile kilivyoshtuka.

"Kwetu Bwembwera," akasema, jicho bado kwenye kioo,
"sindano huitwa singano."
Akacheka mara moja, akaacha.
"Basi nimetia sahihi."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimeandaa hotuba
ya haidrojeni na ugumu na mkazo uliobaki,
nikairudisha mfukoni.

Jumatatu alikuja na oveni ya vijiti, ameiunda kwa pipa la mafuta.
Akasaga ufa wote mpaka chuma kizima.
Akapasha bamba moto taratibu, pande zote mbili,
akachora kwa chaki ya joto: digrii mia na ishirini, chaki ikayeyuka.
Akachomelea mistari mifupi bila kusema na mtu.
Alipomaliza akaufunika mshono kwa blanketi la sufi ya mawe,
akachomeka kingo kwa vidole,
kama anayefunika mtoto mwenye homa.
Mwanafunzi wake, Kibaja, akasogeza ndoo kwa mazoea.
Mzee aliisukuma kwa mguu, maji yakamwagika sakafuni.

Sasa ni Jumanne, saa nne usiku.
Saa arubaini na nane hazijatimia, kipimo cha mawimbi kimo sandukuni.
Nimepita karakana nikamkuta amekaa kwenye kreti
karibu na blanketi, redio imezimwa.
Namuuliza anangoja nini, kupima ni kesho.
"Nasikiliza," anasema,
na ananipisha nafasi kwenye kreti.