Siku Kumi na Nne

Miaka ishirini na sita nilibeba majengo ya watu kwapani.
Ghorofa saba, tangi la maji, maegesho ya magari,
vyote vimekunjwa kama mkeka, vimefungwa kwa raba,
nami napanda ngazi za Jumba la Jiji
kwa sababu lifti yetu wenyewe ilikuwa ikisubiri kibali.

Dirisha la kwanza: maji taka. La pili: barabara.
La tatu: afisa wa zimamoto, ameenda mkutanoni.
La nne nisikwambie.
La nne lilikuwa na droo,
na droo ile ilijua kusoma:
ilisoma bahasha kabla ya ramani.

Nikajifunza kupima faili kwa mkono.
Jembamba, la mwenye haraka zake na pesa zake.
Nene, la mjane wa Dandora aliyeandika barua,
akaandika barua ya kukumbusha barua,
akafa, mwanawe akarithi barua.

Nilikuwa na langu pia.
Chumba kimoja cha mbele, Umoja, futi kumi kwa kumi na mbili,
Ndinda aweke cherehani mbili na kioo.
Jibu likaja kwa wino mwekundu:
MTAA HUU NI WA MAKAZI TU.
Nilicheka. Kushoto kwangu kinyozi,
kulia fundi wa kuchomelea mageti,
mbele duka la gesi, juu yake kanisa,
na juu ya kanisa wapangaji wanaoliombea kanisa linyamaze.
Ramani ililala tangu mama yangu akiwa msichana.
Mtaa uliamka, ukaenda zake bila kuiaga.

Mwaka huu wakaiamsha.
Vijana wa Bi Kerubo, yule asiyekunywa chai ya mtu,
walizunguka vichochoro vyetu wakihesabu milango.
Manjano ikawa zambarau: kaa hapa, na uuze hapa.
Madirisha manne yakawa meza moja, kila Jumanne,
maji, barabara, moto, afya, macho yote kwenye mchoro mmoja,
na aliyeenda mkutanoni, mkutano wenyewe ndio huu.
Faili halina haja ya miguu tena.
Wakanipa keki na saa ya ukutani.

Ombi la Ndinda lilipita siku ya tisa.
Siku ya tisa!
Nililitazama lile neno kwenye simu, *Limeidhinishwa*,
nikaogopa kuizima lisije likabadili nia.
Sasa anashona sare za shule.
Cherehani ameiweka dirishani, upande wa mashariki,
maana uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi
hushonwa kwa jua, si kwa balbu.

Lakini sheria iliyomfungulia Ndinda
haikumfungulia Ndinda peke yake.
Juzi, kwenye ua wa jirani, wamegongelea bati:
ghorofa kumi na mbili.
Na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
mwenye pingamizi aliwasilishe ndani ya siku kumi na nne.

Ua huo uko mashariki.

Sitasema zamani ilikuwa heri. Droo niliiona.
Wala sisemi jirani asijenge;
nawajua vijana wanaolala kitanda kimoja kwa zamu,
wa usiku akiingia wa mchana anatoka.
Nasema tu jua nalo lina mpaka wake,
na katika rangi zote za ramani mpya
nimelitafuta, sijaliona.

Leo ni siku ya sita. Mvua imenyesha juu ya lile bati,
tarehe imeanza kuchuruzika.
Ndinda amepima kwa tepi yake ya viuno
kutoka ukuta hadi dirisha, ananiitia inchi, naandika.
Nimechora kivuli cha saa tatu asubuhi, kisha cha saa nne.
Mkono haukusahau; miaka yote ile nilikuwa nachungulia.

Simu inasema: pakia hapa.
Napakia. Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kinasema asante, nambari yako ni hii.

Nami kwa mazoea tu
nakunja nakala, natia raba,
naiweka kwapani,
naanza kuelekea mjini.