Mtaro Niliouchonga

Mimi ndiye niliyeifungua ile barabara.
Greda ya njano, tairi sita,
upanga wake ukikwangua kilima
kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria.
Mwezi wa pili ulikuwa, kiangazi kimekaza,
vumbi likanifuata hadi kitandani, hadi kwenye chai.
Wakaniletea jogoo.
Mama Shimenga akasema: sasa mgonjwa
atafika Shinyalu akiwa bado na pumzi.

Mtaro niliuchonga umenyooka
kama rula ya mwalimu,
toka lango la kanisa hadi mtoni Mulwanda
bila kona.
Injinia akapita na pikipiki, akasimama, akasema: safi.
Neno hilo ninalo mpaka leo,
sijui niliweke wapi.

Kisha mvua ya saa tisa,
ile ya kwetu isiyokosa miadi,
ikashuka barabarani.
Haikuhangaika kutafuta njia; nilishaitafutia.
Ikabeba changarawe, ikabeba vumbi langu lote la kiangazi,
alama za tairi, nyayo za watoto wa shule,
na Mulwanda, uliokuwa ukituonyesha vidole vya miguu
tukisimama ndani yake,
ukageuka uji wa wimbi.

Imbuhila, binti ya Khayanga, hutunza pampu ya shule.
Chujio lilipoziba mara ya tatu
alichota maji kwa chupa ya soda,
akaiweka dirishani, akaandika tarehe.
Kesho yake nyingine.
Kufika Mei zilikuwa ishirini na tatu,
kila moja na udongo wake chini,
hii kidole kimoja, hii viwili,
kama watoto waliopangwa kupimwa kimo.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.
"Hii ya tarehe tisa," akasema,
"ni ule mteremko wa kwa Lumbasi,
angalia wekundu wake.
Hii ina majivu, imepita nyuma ya duka la Ambetsa."
Alikuwa akiisoma barabara yangu
kipande kwa kipande, ndani ya chupa.

Tukashuka mtoni. Akapindua jiwe,
yaani alijaribu; lilikuwa limeshikwa.
Chini ya jiwe, akasema, kulikuwa na vyumba:
kaa mdogo, wana wa kereng'ende,
mayai ya samaki katikati ya kokoto,
katika nafasi nyembamba ambamo maji hupumua.
Tope limeingia kila chumba
na kufunga mlango kwa ndani.

Nami nilidhani udongo ukiondoka umeondoka.
Kumbe unaingia Isiukhu, unaingia Nzoia,
unalala chini, unauinua mto kidogo kidogo,
na huko Budalang'i mtu nisiyemjua
anaamka usiku, anashusha mguu sakafuni,
anakanyaga kilima chetu.

Greda niliirudisha kwa serikali nilipostaafu.
Nimebaki na jembe.
Jumamosi nilianza kuukata mtaro ubavuni,
kila baada ya hatua thelathini mlango mdogo,
maji yatoke, yaingie kwenye nyasi za ng'ombe,
yapoteze haraka yake humo.
Lumbasi akaja na panga mkononi:
"Maji ya serikali unayaleta shambani kwangu?"
Tukabishana mpaka chakula cha mchana,
tukala pamoja, tukaendelea kubishana.
Amenipa milango miwili. Nilitaka mitano.

Mmoja umeshabomoka.
Chupa ya juzi bado ina udongo:
kidole kimoja kasoro ukucha.
Imbuhila amechora mstari, hakusema kitu.

Usiku wa jana gari la wagonjwa lilipanda kilima
na mke wa Lumbasi ndani, uchungu umemshika.
Nilisikia kokoto zikiruka chini ya tairi,
nikashukuru ipo barabara.
Mvua ilikuwa imeanza.
Nikavaa gamba za mpira, nikatoka na tochi
kuangalia maji yanakwenda wapi.