Jina la Namba Saba

Daftari langu la maombi lina kurasa themanini,
jalada la bluu, pembeni limelowa mafuta ya taa.
Mna wagonjwa wa wadi ya tano, mna wachungaji,
mna nchi nisizoweza kuzionyesha kwenye ramani.
Na ukurasa wa kumi na mbili, kwa kalamu nyekundu:
"Mama wa namba saba. Bwana, mguse."

Mguse.
Ndivyo tunavyoomba huku Kaptembwo
tukitaka mtu aguswe, ila si kwa mkono wetu.

Namba saba na namba nane, ndiyo yangu,
hutenganishwa na bati moja lenye tundu la msumari.
Nilijua redio yake huanza saa kumi alfajiri.
Nilijua kikohozi chake, kile cha vumbi la Januari,
na mwiko unavyogonga sufuria ugali ukiiva.
Jina sikulijua.
Miaka mitatu ya "habari ya asubuhi" penye mfereji,
macho yangu yakihesabu foleni.

Basi Jumatano moja, magoti juu ya gunia,
nikasema, "Baba, namkumbuka yule mama wa..."
nikakwama.
Sikusikia sauti, sitaki kudanganya,
mimi si mtu wa maono.
Ni aibu tu. Ilipanda kama maziwa motoni
na hapakuwa na wa kupuliza.
Barua isiyo na jina, hata chifu huirudisha.

Nikainuka. Amina sikuisema.
Jioni nikabeba bakuli la chinsaga, nimeiunga kwa maziwa,
na mfukoni, nakiri, kikaratasi cha mkutano wa injili.
Nikabisha.

"Karibu, Mama Ogeto."

Ogeto!
Katika ploti hii sijamtaja Ogeto kwa mtu.
Ogeto ni wa gizani, wa gunia na magoti,
mwanangu aliyeondoka na begi la shule
na simu yake tangu siku hiyo haipatikani.

Alicheka. Meno yake ya kahawia kama yangu;
maji ya Nakuru hayaulizi kabila.
"Mimi Chepkwemoi, wa kule Kopsiro, mlimani.
Bati halina siri, mama. Nakusikia ukilia.
Nimesikia pia ukimwomba Mungu
anipunguzie redio."

Nikapaliwa na chai.

"Redio naifungua mapema," akasema, akinipigapiga mgongoni,
"ili watoto wa namba sita wasikusikie."

Na lile jerikani la njano,
lililojaa kila Ijumaa nikichelewa sokoni?
Kanisani nilikuwa nimelitolea ushuhuda,
nikasema malaika, watu wakapiga makofi.
Malaika mwenyewe ana goti bovu, la kulia,
na deni la unga dukani.

Nikamwuliza kama naweza kumwombea.
"Kwanza tule," akasema.
Tukala. Chinsaga alisema ni chungu, akaongeza.
Kisha, kabla sijafumba macho vizuri,
akaanza yeye, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari:
"Mungu wa Ogeto, popote alipo usiku huu,
awe ameshiba."
Akanyamaza. Ndiyo yote.

Mimi, wa mikesha, wa siku saba za kufunga,
nilikuwa nimeomba arudi, arudi, arudi.
Ashibe sikuwahi kuomba.

Kile kikaratasi kilibaki mfukoni,
kikafuliwa na rinda Jumamosi, kikawa uji.

Usiku ule nilifungua ukurasa wa kumi na mbili,
nikafuta "mama wa namba saba", nikakwama tena.
Nikasogeza mdomo kwenye tundu la msumari.
"Chepkwemoi? Unaliandikaje jina lako?"

Kitanda kikalia upande wa pili.
"Lala, Mama Ogeto. Yeye analijua.
Asubuhi nitakuja nikuandikie."