Ufunguo Pindoni

Daftari langu lina safu mbili:
saa damu ilipoanza,
saa boti ilipoondoka.
Mbele ya jina la Nyanjige, mwaka ule,
kati ya safu hizo kuna saa saba.

Nakumbuka zilivyoliwa.
Moja ilimtafuta mwenye injini.
Mbili zilibishana nani atalipa petroli.
Nne zilimsubiri mume, yuko kwenye dagaa,
taa yake moja kati ya mia zile majini,
na mama mkwe kaziba mlango:
“Hatoki mtu mpaka mwenye mke arudi.”

Alirudi na madebe manne
na jina la mtoto alilolichagua njiani.
Nilikuwa nimeshamfunga Nyanjige kidevu.

Sikumlaani bibi Nyamumwi.
Baada ya arobaini nilimwendea na daftari.
Hajui kusoma. Nikamhesabia kiganjani
punje saba za mahindi.
Nikasema: hizi ndizo saa.
Hakunijibu. Alizifunga pindoni mwa kanga.

Siku hizi hapa Kome, mitumbwi ikishusha,
debe moja la kila mtumbwi ni la wajawazito.
Linauzwa Mwaloni, linarudi petroli.
Dumu lina mnyororo na kufuli,
na wanaume walipogombea ufunguo
bibi alisimama tu, akanyoosha mkono.
Hakuna aliyethubutu kumnyima.

Leo usiku, saa tano na robo: Kabula.
Uzazi wa nne. Kondo limetoka,
damu ikakataa kusikia.
Nikachoma sindano, nikakanda tumbo, nikatuma mtoto.

Bibi alikuja mbio, miguu peku.
Hakuuliza mke wa nani.
Hakuuliza mume yuko wapi.
Fundo lilikaza, akalifungua kwa meno:
ufunguo,
na punje saba, nyeusi kwa jasho.

Saa tano na dakika arobaini.
Naandika botini, tochi mdomoni,
herufi zinaruka na mawimbi;
mkono mwingine uko tumboni mwa Kabula, unakanda.
Sengerema wamepigiwa. Chupa mbili zinangoja.

Dakika ishirini na tano.
Safu zangu hazijawahi kukaribiana hivi.
Nchi kavu bado siioni.

“Nesi,” anasema Kabula, sauti kama uzi,
“kuku nani kawafungia?”

Tochi inanidondoka kwa kicheko.
Uliza tena, mama.
Uliza kuku mmoja mmoja.